Fundi wa grenda aliyeniunguzia makali ya kisu

Msimwachie fundi wa grenda kisu cha chuma kizuri bila kusimama naye hapo hapo. Na hata kusimama naye hakutoshi. Mimi nilisimama, na kisu kimeungua.

Chenyewe ni cha chuma cha kaboni, kipande kimoja kuanzia ncha hadi mwisho wa msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini. Nilikiokota kwenye mitumba, rangi nyeusi imebanduka, mpini wa plastiki umepasuka, makali yana pengo karibu na ncha. Nikakirudisha uhai mwenyewe nyumbani Kijenge, hapa Arusha, jioni baada ya kazi. Rangi niliitoa kwa msasa, kuanzia namba 120 nikipanda taratibu hadi 600 wa maji, nasugua kufuata urefu wa bapa tu ili mikwaruzo ilale upande mmoja. Kisha siki ya moto. Chuma cha kaboni kikipata siki kinageuka kijivu chenye mawingu, na utando huo unaichelewesha kutu nyekundu. (Kwa visu vya stenlesi msihangaike, siki haishiki.) Mpini ni mninga, mabaki niliyopewa na seremala jirani, nimeubana kwa gundi ya epoksi na pini za shaba. Ulipopata mafuta ule wekundu wake ukatoka, mke wangu akauliza nimekinunua wapi.

Makali niliyaacha ya mwisho kwa makusudi, maana kusugua mpini wa kisu kilichonolewa ni kutafuta kushonwa nyuzi. Lile pengo ndilo lililonifikisha kwenye karakana moja upande wa Unga Limited, mwezi uliopita au mwishoni mwa ule wa kabla yake.

Shikamoo yangu ilijibiwa kwa kidevu. Nikasema kwa adabu: fundi, naomba kila ukigusisha kwenye jiwe uchovye kwenye maji, ukingo ni mwembamba, joto halina pa kukimbilia. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale mguuni kwake. Akanipandisha na kunishusha: "Wewe chalii, nimeanza kushika grenda hujazaliwa. Chuma hakiungui, sio mkate." Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Akakandamiza.

Niliziona rangi zikija mbele ya macho yangu. Manjano, kahawia, zambarau, halafu bluu ikatanda kwenye makali yote ya upande wa ncha. Nikapiga kelele asimamishe. Akamaliza kwanza, ndipo akageuka na kusema hiyo bluu ni urembo, wenzangu wanailipia. Kisha akanyoosha mkono apewe 5,000 yake.

Bluu hiyo inatokea chuma kikifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kisu cha aina hii, baada ya kukazwa kwa moto na kuchovywa kwenye mafuta, hupashwa tena kwa nyuzi 200 hivi ili kibaki kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Joto likizidi hapo sana, ugumu unaondoka, na kukipoza baadaye hakuurudishi. Nilipofika nyumbani nilichukua tupa. Karibu na mpini inateleza tu, chuma bado ni kigumu. Kwenye bluu inang'ata na kutoa vumbi. Sehemu hiyo naweza kuinoa asubuhi ikanyoa nywele za mkono, nikishamaliza kukata nyama ya mchana imeshalala.

Nimtendee haki. Pengo limekwisha, na mstari wa makali umenyooka kuliko ambavyo ningeupata kwa tupa. Jicho lake ni la fundi kweli, na bei si ya kuonea mtu. Kama ni jembe au panga, pengine ningemrudia.

Hapana, hilo nalifuta. Panga nalo lina makali, na mkulima aliyetoka nalo Ngaramtoni ana haki ya kurudi na chuma kigumu kama alivyokuja nacho. Maji yalikuwa pale! Kuchovya kungemchukua muda gani? Alichokataa ni kuambiwa na mtu mdogo kwake, basi, na kazi yangu yote ya jioni zile ikalipia kiburi hicho.

Maana kukikaza upya ni lazima kipashwe hadi sumaku isikishike tena, karibu nyuzi 770, halafu kwenye mafuta, halafu kipashwe tena. Mninga na epoksi havitoki salama hapo. Nivunje mpini? Siuvunji. Nitakula ile bluu kwa jiwe la mkono na maji, polepole, hadi nifikie chuma kizima, na kisu kitabaki chembamba upande wa ncha.

Ila kabla ya kuanza, Jumamosi hii napita pale karakana nikiwa na tupa. Aisogeze mwenyewe kwenye makali, mbele ya wale wa kwenye benchi, kisha anirudishie 5,000 yangu.