Fundi umeme aliyetutengenezea breka huku Kimara: kazi safi, muda ndo tatizo

Wadau naomba nimsifie huyu fundi umeme tuliyempata kupitia duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani, maana mafundi wa namna hii wamebaki wachache. Nampa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya muda ntaeleza huko chini.

Shida ilikuwa hivi, breka (ile swichi ya kulinda kwenye boksi la umeme) ya soketi za jikoni na sebuleni ilikuwa inatripu, yaani inashuka na kukata umeme yenyewe. Mwanzoni ni ukichemsha maji na jagi la umeme ndo inashuka, baadae ikawa hata friji lenyewe tu linanguruma afu pap upande ule wote umezima, taa zinawaka kama kawaida. Unaipandisha, inakaa kidogo, inashuka tena, na kile kidole chake kimelegea hakina ule mlio wa "tak" wa breka nzima. Ukiigusa ina joto kuliko wenzake waliopangwa nao na ukisogeza pua kuna kaharufu ka plastiki inayoungua. Fundi wa kwanza aliyekuja simtaji, ila bisibisi hakutoa hata mfukoni, kaangalia tu kasema hiyo ya ampea 20 ni ndogo, kanunue ya 40 haitakusumbua tena.

Jamani mkiambiwa hivyo kataeni kabisa. Breka kazi yake ni kulinda waya ulioko ukutani, na waya wa soketi kwenye nyumba nyingi ni wa unene wa milimita 2.5 za mraba, sasa ukiweka breka ya 40 waya utapata moto huko ndani ya ukuta na breka imetulia tu kwa sababu kwake ampea 30 bado ni kawaida. Nyumba zinaungua hivi hivi.

Huyu wa pili akaanza kwa kuuliza maswali, inashuka saa ngapi, nini kinakuwa kimewashwa, inashuka hapo hapo au baada ya muda. Akasema ikishuka papo hapo ukiipandisha mara nyingi ni shoti au kifaa kibovu, ikichelewa ni joto, yaani ama umezidisha mzigo ama breka yenyewe inapata moto mahali. Akachomoa kila kitu kwenye soketi, akarudisha kimoja kimoja, akabana waya na ile mita ya kukamatia inayopima ampea. Jagi na friji pamoja havikufika ampea 10! Breka ya 20 inashukaje kwa 10? Hapo akazima mein swichi, akapima na testa kuhakikisha, akahamisha ule waya kwenye breka ya pembeni ya 20 pia, tukawasha jagi, friji, na pasi juu, ikakaa vizuri tu. Kwa hiyo waya mzima, vifaa vizima, breka ndo mgonjwa.

Alipoichomoa ndo nikaelewa, skrubu ya kubana waya ilikuwa imelegea na sehemu ile imekuwa nyeusi. Akanieleza waya ukilegea unatengeneza joto, na ndani ya breka kuna kibati kinachojikunja kikipata joto, sasa kinajikunja kwa joto la skrubu wakati mzigo wenyewe ni mdogo, na ikikaa hivyo muda mrefu inaharibika kabisa hata ukikaza skrubu haisaidii tena. Akakata ncha ya waya iliyoungua, akaumenya upya, akaweka breka mpya ya 20 ile ile, afu akakaza skrubu za breka zote bila kuambiwa. Kilichonigusa zaidi alisema breka inayotripu ovyo walau inakupigia kelele, ya kuogopa ni ile iliyokufa haishuki hata kukiwa na shoti, na hiyo kwa macho huijui. Ukiona soketi imeungua au waya umeyeyuka na breka haikushuka, usiirudishie umeme, ita mtu. Pia ile breka pana yenye kitufe cha T (inayokata umeme ukivuja) akaibonyeza mbele yangu ikakata, akasema niwe naibonyeza kila baada ya miezi kadhaa, isipokata haitaniokoa siku nikipigwa na umeme.

Breka tulienda kununua wote dukani. Alikataa ya bei rahisi kwa sababu ilikuwa nyepesi mkononi na maandishi yanafutika ukisugua, akachukua iliyoandikwa vizuri C20 (yaani ampea 20), kile kiboksi cha 6000 (ampea za shoti inazoweza kukata) na IEC 60898 (kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani). Maandishi tu yanaweza kughushiwa kwa hiyo nunueni duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa.

Sasa mapungufu. Alisema anakuja asubuhi kafika jioni kigiza kinaingia, simu hapokei, na tulifanya kazi kwa tochi kitu ambacho kwenye umeme sikipendi. Bei ya ufundi 25,000 bila breka, kwangu ni halali kabisa kwa kazi ile, na tangu hapo haijashuka hata mara moja na ukiigusa ni ya baridi. Ukimwita mpe saa kamili na umsumbue kwa simu, na kama kazi ni kubwa ya waya nyumba nzima muulize leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ni daraja gani, mimi alinionyesha bila kununa.