Tahadhari: Briji feki za ampea 35 zinauzwa Luthuli

Ndugu zangu mafundi, nanyi mnaojifunza, kuna briji rektifaya (kifaa chenye dayodi nne, yaani vipitishio vya mkondo upande mmoja tu, kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC) zilizoandikwa KBPC3510 zinazouzwa shilingi 80 pale Luthuli Avenue, Nairobi. Tafadhali msizinunue. Jumamosi iliyopita moja yao nusura iniunguzie transfoma niliyoisuka kwa mikono yangu.

Nina chaja ya betri za gari niliyoiunda nyumbani. Briji yake, KBPC2510, ilikufa, nikashuka mjini kutafuta nyingine. 2510 nikakosa. Kwa kawaida hilo halisumbui: tarakimu mbili za kwanza ni ampea, mbili za mwisho ukizizidisha kwa mia unapata volti. Ukipanda juu hutaharibu kitu, mradi umbo na miguu vilingane. Kwa hiyo 3510 ilitosha kabisa, hata 5010 ingeingia mahali pale pale. Muuzaji akaniapia kwamba ni orijino.

Nilipaka grisi, nikaikaza kwenye hitisinki (bamba la chuma la kupoza), nikaunganisha betri. Ampea 12 tu, theluthi ya kile kilichoandikwa mgongoni. Dakika ishirini hazijaisha, transfoma ikaanza kunguruma, harufu ya vanishi ikajaa chumbani, kisha fyuzi ikakatika. Dayodi moja ilikuwa imeshoti, kwa hiyo transfoma ilikuwa inashotiwa kila nusu ya mzunguko. Kama nisingeweka fyuzi upande wa volti 240, sijui ningeandika nini leo, maana watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Niliipasua kwa msumeno. Ndani ni gundi ngumu tupu, na vipande vinne vya silikoni vidogo kama punje za ufuta. Hivyo haviwezi kubeba ampea 35 hata siku moja.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeipima dukani. Mita kwenye alama ya dayodi ilinipa 0.5 kila upande, safi kabisa. Lakini mita hupitisha mkondo mdogo mno, kama miliampea moja hivi, na dayodi dhaifu hupita mtihani huo bila shida. Msidanganyike na kipimo hicho.

Pimeni kwa mzigo. Chukua betri ya gari na taa mbili za mbele za wati 55, uziunganishe sambamba, kisha mkondo upite kwenye briji iliyofungwa kwenye hitisinki. Hapo zinapita kama ampea 8. Weka mita kwenye dayodi moja: nzuri itakaa karibu na volti 0.9. Ikivuka 1.2, au ikichemka upesi huku hitisinki bado baridi, irudishe. Dukani jaribu sumaku pia. Zile nzuri nilizowahi kutumia zina miguu ya shaba iliyopakwa bati, sumaku haizishiki. Hii yangu ilinatwa mara moja. Ilikuwa nyepesi pia, na maandishi yake yalifutika kwa pamba yenye spiriti.

Nilirudi dukani na mabaki yake pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Nikaambiwa vifaa vya umeme vikishauzwa havirudi, na kwamba mimi ndiye niliyeunganisha vibaya. Kwenye meza bado kulikuwa na boksi zima.

Kama umefunga moja ya hizo kwenye chaja unayoiacha ikiwaka usiku, ichomoe leo uipime.