Wiki sita za kozi ya matangazo, na mto nilioubeba

Nauza vitenge na kanga Kariakoo, na wateja wangu wengi siku hizi wananikuta kwenye status ya WhatsApp. Ndiyo maana nililipa 180,000 kwa kozi ya matangazo, kila Jumamosi kwa wiki sita, chumba cha ghorofa ya tatu Kinondoni. Jina la chuo sitaji, mkufunzi ni kijana mwenye bidii.

Wiki mbili za kwanza ni kuchagua rangi na maandishi kwenye simu, mambo ambayo binti yangu wa kidato cha pili alishanifundisha bure. Viti ni vya plastiki na unakaa masaa matatu. Beba mto.

Pesa yangu ilirudi wiki ya tatu. Alituwekea tangazo la kompyuta ya Apple lililorushwa Marekani tarehe 22 Januari 1984, katikati ya Super Bowl, fainali ya mpira wao ule wa kubeba mkononi. Ni la dakika moja, mwongozaji Ridley Scott. Wanaume wenye vipara, nguo za kijivu, wanaingia kwa mstari na kukaa kumsikiliza mtu anayehutubia kwenye skrini kubwa. Anatokea dada wa kaptula nyekundu, mbio, askari nyuma yake. Anazungusha nyundo, anaiachia, skrini inalipuka. Kompyuta yenyewe huioni, labda ule mchoro kwenye fulana yake. Unaambiwa tu Macintosh inakuja tarehe 24. Bei yake, dola 2,495, hawakuigusa kabisa!

Mkufunzi alilirudia mara nne, akilisimamisha: nani peke yake ana rangi? Adui ni nani? Hatajwi, lakini waliofuatilia biashara ya kompyuta enzi hizo walijua anayepigwa nyundo ni IBM, kampuni kubwa iliyoshindana na Apple. Kwanza unatiwa hofu, ndipo unaonyeshwa mlango.

Nikauliza, "Mwalimu, sasa mamilioni wakiambiwa kwa pamoja wasifuate mkumbo, huo si mkumbo mwingine?"

"Dada yangu, hapo ndipo penye ufundi," akasema, darasa likacheka.

Kazi ya nyumbani: nchi ya kufikirika, sheria imewavisha watu wote sare moja, watengenezee tangazo la kuwauzia "ubinafsi". Jamani! Kwetu mtu akikuambia una ubinafsi amekutukana. Tulibishana robo saa mpaka tukakubaliana tuandike "upekee". Ila lile neno liliniganda. Mteja wangu hanunui ili awe peke yake. Shughuli ya harusi inakuja, wanawake 40 wanashona kitenge kimoja, na kila mmoja anamvuruga fundi kwa mshono wake. Na kanga ndiyo kabisa: imechapwa maelfu, lakini anayechagua "Japo sipati tamaa sikati" anajua nani atakayeisoma akipita.

Basi tangazo langu likawa hivi: wanawake wamepanga foleni, magauni ya kijivu. Upepo unainua pindo la mmoja, chini yake kanga. Wa nyuma yake anainama kidogo, anasoma jina, anacheka peke yake. Basi, hakuna kinachovunjwa. Nikapewa 11 kwa 20, "halina adui". Nililalamika na bado nalalamika. Huyo aliyewavisha kijivu ni nani, shangazi yao?

Wiki ya nne, ya kuandika maneno machache yanayouza, ni nzuri pia. Ya tano na ya sita hazikunibakia kichwani.

Kilichonifaa dukani ni hiki: niliacha kupiga picha vitenge vikiwa vimekunjwa. Nilimpa fundi wangu kitenge kimoja ashone mishono mitatu, nikawavalisha binti yangu, mama mkwe na mimi mwenyewe, nikaandika "Wewe utakishonaje?" Doti 17 zikaisha kabla ya Ijumaa.

Nyota tatu kwa tano. Wakikubali ulipie wiki ya tatu na ya nne peke yake, nenda. Mto wangu wa maua niliusahau kiti cha nyuma kulia, ukiukuta ukalie.