Mifupa ya dinosaria kwa matofali 910: tathmini ya seti ya LEGO namba 21320

Seti hii, iliyotoka mwaka 2019 kutokana na pendekezo la shabiki wa LEGO, yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, ina vipande 910 vya kujengea viunzi vitatu vya mifupa: Tyrannosaurus rex, Triceratops na Pteranodon. Huyo wa tatu, kwa kweli, si dinosaria bali ni mtambaazi arukaye, tena alitoweka mamilioni ya miaka kabla wenzake hawajatokea, lakini akishatandaza mabawa juu ya rafu ni vigumu kumwekea kinyongo.

Kilichonivutia zaidi ni uti wa mgongo wa Tyrannosaurus. Michoro ya zamani ilimsimamisha wima huku akiburuta mkia, ilhali hapa mgongo unalala sambamba na ardhi, na mkia unaelea nyuma ili kusawazisha uzito wa fuvu. Mjenzi anaufahamu mpango huo kwa vidole vyake kabla hajausoma popote, kwa kuwa akishaunganisha fuvu na mkia ndipo anapoona jinsi nyonga inavyobeba kila kitu. Kipimo ni 1 kwa 32, hivyo mnyama aliyefikia takriban mita 12 anabaki na sentimita 40 hivi, na kiunzi kidogo cha binadamu kilichomo katika seti kinatosha kuonyesha nani angekuwa chakula cha nani, kama wangekutana.

Triceratops anajengeka upesi zaidi, na pembe zake tatu zinapendeza.

Kazi inachosha penye mbavu. Vipande vingi vina rangi ileile ya mfupa, na vinavyotofautiana kwa urefu mdogo tu huchanganywa kwa urahisi: nililazimika kubomoa kifua kizima kwa sababu ya ubavu mmoja niliouweka mahali pa mwenziwe. Ni heri kuvitenga kwa ukubwa katika mabakuli kabla ya kuanza.

Mwaka 2025 ilitoka seti namba 76968, ya Tyrannosaurus peke yake, yenye vipande 3,145 na urefu unaozidi mita moja. Kwa mwenye nafasi hiyo ni ya fahari, ila mimi ningechagua hii ndogo, ambayo haitengenezwi tena na hupatikana kwa wauzaji wa mitumba. Anayeinunua huko ahesabu vipande kwanza. Vumbi likiingia kati ya mbavu, brashi laini ya kuchorea hulifikia bila kung'oa kitu.