Ukishikwa na dawa: kukubali mapema au kupigana hadi mwisho?

Tuchukue wanariadha wetu wawili wa Kenya walioshikwa na dawa zilizokatazwa michezoni. Ruth Chepngetich, yule wa rekodi ya dunia ya marathon ya wanawake Chicago 2024, saa 2:09:56, alipatikana na HCTZ, ile dawa ya kukojoza watu wa presha, na wengine huitumia kuficha madawa mengine. Mwanzo akasema hajui ilitoka wapi, baadaye akasema alimeza dawa ya dada wa kazi (mi hii sikuimeza hata kidogo), lakini mwishowe akakubali kosa. Kanuni zinasema kama adhabu ni miaka 4 na ukubali ndani ya siku 20 baada ya kushtakiwa unapunguziwa mmoja, so Oktoba 2025 akapewa 3. Rekodi ikabaki yake maana sampuli ilikuwa ya Machi 2025.

Sasa Rita Jeptoo. EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, 2014. Huyu alipigana, sampuli B, ile ya pili ya kuhakikisha, ikafunguliwa nayo ikasema yale yale, Athletics Kenya wakampa miaka 2, ungedhani basi imeisha, kumbe kesi ikafika CAS, ile mahakama ya michezo ya kimataifa, na Oktoba 2016 ikawa 4, na ushindi wa Boston 2014 ukaenda.

Ni kweli kanuni za wakati ule si za leo, lakini mi ningekubali mapema tu. Kupigana ni kwa mwenye ushahidi mkononi, mfano alimeza dawa iliyochafuliwa, na kopo lake bado analo, sio story. Na wakili wa kesi hizi si bei ya githeri.