Seti ya springi za breki za nyuma (Probox, Vitz, Fielder): kelele inazomaliza na isizozigusa

Breki za dramu zikianza kulia, wengi hukimbilia shuu mpya, yaani vile vipande vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani. Shuu zinafungwa, wiki mbili zinapita, mlio unarudi. Mara nyingi kinacholia ni bamba la nyuma (sahani ya chuma ambayo shuu huegemea) lililokauka pamoja na springi zilizochoka kwa joto. Kwa hiyo seti hii ndogo, ambayo wauzaji wa spea huwa hawaitaji mpaka uiulize, ni ya kununua kabla ya shuu.

Pakiti ya magurudumu mawili huwa na springi za kurudisha shuu za juu na chini, springi fupi 4 za kuzibana shuu kwenye bamba, pini 4, vikombe vyake na springi ndogo za ajasta, yaani skrubu inayotanua shuu kadiri zinavyolika. Ajasta zenyewe hazimo. Za zamani zifungue, zisugue kwa brashi ya waya, paka nyuzi grisi kidogo, kisha kila moja irudi upande wake. Nyuzi za kushoto na za kulia zimechongwa kinyume. Zikibadilishana pande, ajasta itajifupisha badala ya kujirefusha, na pedali itazidi kwenda chini.

Utajuaje kuwa springi za zamani zimechoka? Zitazame kwenye mwanga. Springi nzima ya kurudisha shuu ina mizunguko iliyogusana. Ukiona mwanga kati yake, imelegea. Iangushe sakafuni: nzima hutoa sauti butu, iliyochoka hulia kama kengele. Kukata mzunguko mmoja ili ikaze hakusaidii, kwa sababu chuma kilichopikwa na joto hakirudishi nguvu yake.

Sasa kelele. Mkwaruzo au mguno ukikanyaga pedali gari likiwa limesimama ni bamba kavu: shuu zinasugua vituo vya chuma vilivyoinuka, kwa kawaida 6 kila gurudumu. Hapa seti na grisi humaliza kazi. Kishindo kimoja, "tak", ukifunga breki, na kingine ukirudi nyuma, mara nyingi ni shuu inayokwama kwenye vijishimo vilivyochimbika katika vituo hivyo. Springi mpya hupunguza tu. Vijishimo lazima visawazishwe kwa tupa, na vikiwa virefu bamba libadilishwe. Mlio mwembamba wa mwendo mdogo hutokana na vumbi au bitana (tabaka la shuu linalosugua dramu) iliyong'aa kama kioo. Isugue kwa msasa namba 80, pamoja na uso wa dramu. Chuma kukwaruza chuma muda wote ni shuu iliyokwisha. Kelele ya mduara, huku pedali ikidunda mguuni, ni dramu iliyopoteza uduara. Hizi mbili za mwisho seti haizigusi kabisa.

Kufungua: weka gogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, achia hendibreki, inua gari na ulilaze kwenye stendi. Dramu ikigoma, usiipige ukingoni kwa nyundo, itapasuka. Ina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za M8 na uzikaze kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa wala mdomo, kwani shuu za zamani huenda zina asbesto. Lioshe kwa maji au dawa ya kusafishia breki. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ule mwingine ubaki kuwa mfano wako.

Grisi iwe ya breki, inayostahimili joto, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kituo. Grisi ya beringi huyeyuka ikafika kwenye bitana, na bitana iliyolowa mafuta haifai tena. Kuichoma kwa petroli ni hatari tupu. Ukikuta unyevu chini ya mpira wa silinda ya gurudumu, ile inayosukuma shuu, tengeneza silinda kwanza.

Kurekebisha ndiko wengi hukosea. Anza na shuu, hendibreki iwe ya mwisho, na kebo yake iwe imelegezwa. Zungusha gurudumu la meno la ajasta mpaka dramu iingie kwa kugusa shuu kidogo sana, kisha kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zijipange katikati. Mkwaruzo hafifu unapozungusha kwa mkono unakubalika. Dramu ikiwa nzito, rudisha meno kidogo. Ukikaza kebo kwanza, shuu hubaki zimetanuka, breki hupata moto na mlio hurudi.

Udhaifu wa seti za bei nafuu ni pini. Zikiwa ndefu, hata kwa milimita 2, shuu hutikisika na kugonga kwenye barabara ya mashimo. Nenda dukani na pini na springi zako za zamani, zilaze sambamba na mpya, na ulinganishe urefu na ndoano kabla ya kulipa. Kipenyo cha ndani cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa dramu kimepigwa muhuri juu yake. Kwa dramu ya 200 mm huwa ni 201 mm. Ikivuka hapo, pesa ya seti itumie kwenye dramu.