Geji ya boosti ya RAF (jeshi la anga la Uingereza), pauni 40 pale Duxford: inafanya kazi au ni pambo tu?

Wakuu, hii geji nimeitoa kwenye meza ya vyuma vya zamani siku ya maonyesho ya ndege Duxford, uwanja wa ndege wenye makumbusho kule Uingereza, muuzaji alianzia 60 nikamkazia mpaka 40. Ni ile ya ndege za vita za Muingereza, jeusi, zito, inaishia +24 (pauni kwa inchi ya mraba), kioo kina mkwaruzo mmoja ila namba zinasomeka.

Kwa asiyejua, boosti ni presha ambayo supachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na injini, inasukumia hewa na mafuta ndani ya injini. Muingereza sifuri yake ni presha ya kawaida ya usawa wa bahari, Mmarekani yeye anahesabu inchi za zebaki, ukizichanganya umeumia. Spitfire, ndege ya kivita ya Muingereza, za mwanzo ziliishia +6¼, ilipoingia petroli ya okteni 100, inayohimili presha kubwa bila kulipuka kabla ya wakati, rubani akibanwa anavuta +12 kwa dakika chache.

Sasa utamu wake. Nimeichomekea mpira na pampu ya baiskeli, dogo kashika saa, mi nisome na kuandika kila sekunde tano, aisee ilinishinda, nikiinama kuandika mshale ushahama. Na hapo nimekaa mezani na chai yangu! Rubani wa majaribio karatasi kaifunga pajani, huku spidi isimyumbe. Ndo maana walikua wanafunga seti ya pili ya geji, boosti, mizunguko ya injini, mwinuko, spidi, pamoja na saa, ndani ya boksi lenye taa, kamera inazipiga picha zote kwa mpigo, wakitua filamu inasafishwa halafu kuna watu kazi yao kusoma picha moja moja na kuandika. Spitfire ya kwanza ilipopimwa Martlesham Heath, kituo cha RAF cha kujaribia ndege, 1936 ikatoa maili 349 kwa saa kwenye futi 16,800, ila namba hiyo kama hujui injini ilikua boosti ngapi na mizunguko mingapi, ni stori za kijiweni tu.

Nikaweka simu irekodi geji na saa kwa pamoja, nikasoma video taratibu usiku. Imekubali, mchoro umetoka safi kabisa.

Mwanzo nilidhani ni mbovu maana ikitulia ilikaa chini kidogo ya sifuri, kumbe siku hiyo kulikua na mvua na presha ya hewa imeshuka, geji inaonyesha ukweli. Nyota 4, moja nimeikata sababu ya nyuzi za skrubu za nyuma, pale mpira unapofungwa, wiki nzima nimetafuta kiungio cha kuingia pale.